Rivian na dola 67,500 zilizoahidiwa mara mbili

Jumanne ya tarehe 1 Machi 2022, Wamarekani waliokuwa wameagiza pikapu ya umeme ya Rivian, kampuni changa ya magari ya umeme, walipata taarifa ambayo hawakuitarajia. R1T waliyoichagua kwa bei ya kuanzia dola 67,500 sasa ingeanzia dola 79,500. R1S, gari la familia la viti saba lililojengwa juu ya chasisi ileile, lilitoka dola 70,000 hadi 84,500. Kwa asilimia ni kama 17 kwa pikapu na 20 kwa lile la familia.

Kampuni kupandisha bei ni jambo la kawaida, na mwaka ule kila kitu kilikuwa kinapanda. Kilichowasha moto ni kwamba bei mpya iliwarudia hata waliokwisha kuweka oda. Walikuwa wamechagua rangi, matairi na viti, wamelipa dola 1,000 za kushika nafasi, na wengine walikuwa kwenye foleni tangu gari lilipooneshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles mwezi Novemba 2018. Miaka mitatu na zaidi mtu anasubiri, anapiga hesabu zake, anazungumza na benki, anaita fundi umeme aje kufunga chaja ukutani kwake. Halafu anaambiwa aongeze dola 12,000.

Oda zilianza kufutwa siku hiyohiyo. Hisa zilishuka siku hiyo na siku iliyofuata. Alhamisi, tarehe 3 Machi, mwanzilishi na mkurugenzi mkuu RJ Scaringe alitoa barua ya kuomba radhi. Alisema amefanya makosa mengi tangu aanzishe Rivian zaidi ya miaka 12 nyuma, lakini hili ndilo lililomuuma kuliko yote. Waliokuwa wameagiza kabla ya Machi 1 walirudishiwa bei yao ya zamani, na waliofuta oda kwa hasira waliruhusiwa kurudi kwenye nafasi zao.

Siku tatu, basi. Wengi hukisimulia kisa hiki kwa namna hiyo: kampuni changa iliteleza, ikakiri, ikasamehewa. Mimi nadhani masimulizi hayo yanaacha nje nusu ya watu waliokasirika. Jumatatu iliyofuata, tarehe 7 Machi, wanahisa walikwenda mahakama ya shirikisho huko California, na kesi yao haikuisha kwa siku tatu. Iliendelea zaidi ya miaka mitatu, hadi Oktoba 2025 Rivian ilipokubali kulipa dola milioni 250 ili kuimaliza, huku ikiendelea kukana kwamba ilifanya kosa lolote.

Mteja na mwekezaji kwa kawaida huvutana. Mmoja anataka bei ndogo, mwingine anataka faida. Ni nadra sana kuwaona wote wawili wamekasirika wiki moja kwa sababu ya tangazo moja. Ukiwasikiliza vizuri, walikuwa wanalalamikia namba ileile. Mteja alisema: mliniahidi gari kwa dola 67,500. Mwekezaji alisema: mlinionesha biashara inayouza gari kwa dola 67,500, hamkuniambia kwamba bei hiyo haitoshi kulitengeneza. Ahadi mbili zilitolewa kwa namba moja, kwa watu wawili tofauti, na hapakuwa na njia ya kuzitimiza zote.

Nianze na mteja, kwa sababu hapo ndipo ninapoijua hasira yenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliagiza kitanda kwa fundi seremala, Keko, Dar es Salaam. Mninga, futi sita kwa sita, laki saba, na nikatoa advansi ya laki nne. Wiki ya tatu akanipigia. "Kaka, mbao zimepanda. Ongeza laki na nusu nikumalizie." Nilikuwa nalala kwenye godoro sakafuni, nimeshagawa kitanda cha zamani. Nikamuuliza, "Fundi, si nilikupa advansi ukanunue mbao?" Akanyamaza kidogo. "Kaka nisikufiche, ile hela ilimalizia oda ya mtu mwingine. Mbao zako ndiyo nazifuata sasa."

Nimeikumbuka simu hiyo kila ninaporudia barua ya Scaringe, kwa sababu ndani yake kuna maneno yanayofanana sana na ya fundi wangu. Scaringe aliandika kwamba kampuni ilishindwa kutambua jinsi wateja walivyoichukulia oda yao kuwa bei iliyokwisha kufungwa. Hapo ndipo kiini kilipo. Mteja alidhani amenunua gari ambalo halijatengenezwa bado. Kampuni ilidhani imemuuzia nafasi kwenye foleni. Mimi nilidhani advansi yangu ni mbao. Fundi aliiona kama tiketi yangu ya kusubiri.

Wapo watakaosema kwamba kisheria Rivian ilikuwa na haki. Dola 1,000 zilikuwa za kurudishwa, na mkataba wa mwisho wa mauzo ulikuwa bado. Sibishani na hilo. Lakini Waswahili wa pwani wana neno la zamani, arubuni, na maana yake inajulikana sokoni bila karatasi: nikishakupa arubuni, tumepatana. Bidhaa bado ni yako na fedha nyingi bado ni zangu, ila bei imekwisha kusemwa. Muuzaji akitaka kuibadilisha anarudisha arubuni na anaomba radhi, na watu wa soko wanamjua kuanzia siku hiyo. Wamarekani hawalijui neno hilo, lakini wiki ile maana yake waliifahamu vizuri kabisa.

Tena kampuni iliongeza jambo lililozidisha uchungu. Siku ileile ya kupandisha bei ilitangaza aina nyingine ya R1T, yenye mota mbili badala ya nne na betri ndogo zaidi, ambayo ingeanzia palepale dola 67,500. Kwenye karatasi ilionekana kama hisani: mwenye bajeti ya zamani bado ana gari. Sasa mtazame mteja anayelisoma hilo. Gari aliloagiza lilikuwa na mota nne, moja kwa kila gurudumu, na betri iliyopimwa kwenda maili 314 kwa chaji moja, kama kilomita 505. Gari analopewa kwa bei ileile lina nusu ya mota, linakwenda maili 260 na kidogo, na litapatikana mwaka 2024. Fedha ni zilezile, mota zimepungua, betri imepungua, kusubiri kumeongezeka miaka miwili. Katika barua yake Scaringe alikiri kwamba hilo nalo walilidhania vibaya. Waliamini kwamba aina hizo mpya zingempa mteja bei inayokaribia ya mwanzo. Bei, ndiyo, zingempa. Gari lake, hapana.

Sababu za kupanda kwa gharama zilikuwa za kweli, na lazima nizitaje kwa haki. Chipu za kompyuta zilikuwa adimu dunia nzima tangu janga la Uviko. Lithiamu ilikuwa imepanda mara kadhaa ndani ya mwaka mmoja. Vita vya Urusi na Ukraine vilikuwa vimeanza tarehe 24 Februari, na Urusi ni muuzaji mkubwa wa nikeli. Wiki moja baada ya tangazo la Rivian, tarehe 8 Machi, soko la metali la London lilisimamisha biashara ya nikeli baada ya tani moja kupita dola 100,000, jambo ambalo halijapata kuonekana. Betri za R1T wakati huo zilitumia seli za Samsung SDI, za aina yenye nikeli nyingi na kobalti kidogo. Na ukisema kobalti umesema Kongo, ambako hutoka takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, kwa sehemu kubwa ukanda wa Kolwezi na Likasi, watu wanaozungumza Kiswahili sokoni na mgodini.

Hapa nisimame kidogo, hata kama nitatoka nje ya mada. Mteja wa California akiambiwa "malighafi imepanda", anaona picha ya mtu fulani mbali anayevuna fedha. Mchimbaji wa mikono wa Kolwezi hauzi kwa bei ya London. Anabeba mfuko wake hadi kituo cha mnunuzi, na mnunuzi ndiye mwenye kipimo cha kutaja kiwango cha kobalti kilichomo, ndiye anayetamka bei ya siku. Malalamiko ya vipimo kupunjwa huko ni ya miaka mingi. Kupanda kwa bei duniani kunamfikia kama mwangwi, kumechelewa na kumepungua. Inaniuma kila nikiona sentensi ya "gharama za malighafi" imeandikwa kana kwamba ni hali ya hewa, kitu kisicho na watu ndani yake.

Turudi kwa Rivian. Kiwanda chake kipo jimbo la Illinois, mji unaoitwa Normal, kwenye majengo yaliyokuwa ya Mitsubishi, ambayo Rivian iliyanunua mwaka 2017. Mwaka 2021 wote kiwanda hicho kilitengeneza magari 1,015 na kukabidhi 920. Hasara ya mwaka ilikuwa dola bilioni 4.7. Hadi katikati ya Desemba kulikuwa na oda 71,000 hivi za R1T na R1S kutoka Marekani na Kanada. Piga hesabu ya harakaharaka: oda 71,000 mara dola 12,000 ni kama dola milioni 850. Si hesabu kamili, kwa kuwa R1S iliongezeka zaidi na kila mtu alichagua vikorokoro vyake, lakini inatosha kuonesha ukubwa wa kilichotafutwa kwa waliokuwa kwenye foleni.

Sasa weka hiyo milioni 850 kando ya fedha taslimu zilizokuwa kwenye akaunti za Rivian mwisho wa 2021: zaidi ya dola bilioni 18.

Hapa ndipo fundi wangu wa Keko na Rivian wanapoachana, na naomba msomaji alitazame hili kwa makini. Fundi hakuwa na mtaji. Advansi yangu ilikuwa ndiyo mtaji wake, na mbao zilipopanda hakuwa na pa kushika ila kwangu. Nilikasirika, lakini nilimwelewa, na mwishowe nikamwongezea elfu hamsini, tukaishia hapo. Rivian ilikuwa imetoka sokoni miezi minne tu nyuma na mojawapo ya mauzo makubwa ya hisa katika historia ya Marekani. Iliuza hisa kwa dola 78 kila moja tarehe 10 Novemba 2021 na kukusanya karibu dola bilioni 12. Fedha hizo zilitolewa na watu waliojua kwamba wanabeba hatari ya kampuni changa. Kubeba hatari ndiyo kazi ya mtaji. Mteja hakuwahi kuombwa abebe hatari ya bei ya nikeli. Yeye aliombwa dola 1,000 na subira. Kampuni ilipobanwa, ilimfuata aliyetoa subira kabla ya kugusa kapu la waliotoa mtaji.

Nadhani kama wangefanya kinyume tangu siku ya kwanza, yaani bei mpya kwa oda mpya tu, leo pasingekuwa na cha kuandika. Si dhana tupu, kwa sababu wenzao walifanya hivyo mwaka uleule. Lucid, kampuni nyingine changa ya magari ya umeme ya California, ilitangaza mwezi Mei 2022 kwamba bei zitapanda kuanzia Juni 1, na waliokwisha kuweka nafasi wakaachiwa bei ya zamani. Ford ilipandisha F-150 Lightning mwezi Agosti, ile ya bei nafuu kabisa ikatoka chini kidogo ya dola 40,000 hadi karibu 47,000, na oda zilizokwisha kuthibitishwa hazikuguswa. Watu walinung'unika. Hakuna aliyeomba radhi kwa barua.

Tesla nayo ilipandisha bei mara kadhaa mwaka ule, kisha mwanzoni mwa 2023 ikafanya kinyume: ikashusha. Nchini China wenye magari waliofunga ununuzi wiki chache kabla walikusanyika kwenye maduka yake Shanghai, Chengdu na kwingineko wakidai fidia. Niliwahurumia, kwa kuwa kuona jirani amenunua kitu kilekile kwa fedha ndogo kunauma. Lakini siwezi kusema walikuwa na dai. Walitajiwa bei, wakaikubali, wakapewa gari, biashara ikafungwa. Mteja wa Rivian alikuwa upande mwingine kabisa: alitajiwa bei, akaikubali, akasubiri, halafu upande mmoja ukaifungua tena biashara bila yeye. Magazeti mengi yaliweka visa hivi viwili kwenye kapu moja la "hasira za bei". Havifanani.

Mwekezaji je? Huyu watu humhurumia kidogo, na kwa haki fulani, kwani alijiingiza mwenyewe. Hisa ya dola 78 ilifunguka sokoni kwa dola 106.75. Ndani ya wiki moja ikapita dola 170, na thamani ya kampuni nzima ikaipita Ford na General Motors, kampuni zinazouza mamilioni ya magari kwa mwaka, wakati Rivian ilikuwa imekabidhi magari ya kuhesabika, mengi yao kwa wafanyakazi wake. Hakuna waraka wa kampuni uliowalazimisha watu kununua kwa dola 170. Huo ulikuwa uroho wa soko, na uroho haudai fidia mahakamani.

Lakini dai lao lilikuwa jembamba zaidi ya hapo, na ndiyo maana liliishi. Walidai kwamba wakati kampuni inauza hisa mwezi Novemba 2021, ilijua kwamba gharama ya vifaa tu vya R1T na R1S ilizidi bei ya kuuzia, na kwamba ingelazimika kupandisha bei, jambo ambalo lingewaudhi watu wa foleni. Waraka wa mauzo ya hisa ulitaja hasara na hatari nyingi, kama nyaraka zote za aina hiyo zinavyofanya. Wanahisa walisema hatari iliyokwisha kutokea haiandikwi kama kitu kinachoweza kutokea.

Kuna jambo lililoipa kesi hiyo nguvu. Siku chache kabla ya hisa kuingia sokoni, aliyekuwa makamu wa rais wa mauzo na masoko alifungua kesi yake mwenyewe, ya ubaguzi wa kijinsia kazini, akidai kwamba aliachishwa kazi baada ya kulalamika. Ndani ya madai hayo alisema aliwahi kuwaonya wakubwa kwamba magari yamepangiwa bei ya chini na kila moja lingeuzwa kwa hasara. Hayo yalikuwa madai yake, siyo hukumu. Ila tarehe inazungumza: yaliwekwa hadharani Novemba 2021, kabla ya nikeli ya London, kabla ya vita vya Ukraine. Sababu zote zilizotajwa Machi 2022 zinaweza kuwa za kweli na bado zisiwe ndizo zilizoanza.

Kisha ikaja radhi, na hapa ndipo mwekezaji alipoumia mara ya pili. Tangazo la Machi 1 lilimtisha kwa sababu wateja wangekimbia. Barua ya Machi 3 ilimwambia kwamba wateja wamebaki, lakini makumi ya maelfu ya magari yatauzwa kwa bei ambayo kampuni yenyewe, siku mbili nyuma, ilikiri haitoshi. Hakuna habari njema iliyobaki kwenye namba hiyo. Tarehe 10 Machi kampuni ikaongeza kwamba mwaka 2022 ingetengeneza magari 25,000 tu kwa sababu ya uhaba wa vifaa, ingawa mitambo ingeweza kutoa zaidi ya 50,000. Mwezi Mei hisa iliyouzwa kwa dola 78 ilikuwa chini ya dola 30. Amazon, mwanahisa mkubwa ambaye pia aliagiza vani 100,000 za kusambazia mizigo, iliandika hasara ya dola bilioni 7.6 kwenye vitabu vyake kwa robo moja ya mwaka kwa sababu ya hisa zake za Rivian.

Swali ninalojiuliza kila nikifika hapa: je, hizo dola 12,000 zingeiponya kampuni? Jibu limo kwenye taarifa zake za baadaye. Robo ya mwisho ya 2023, wakati magari mengi ya bei mpya yalikuwa yameanza kutoka, Rivian ilipata hasara ghafi, yaani kabla hata ya kuhesabu gharama za utafiti na ofisi, ya zaidi ya dola 43,000 kwa kila gari iliyokabidhi. Nairudia: dola 43,000 kwa gari moja. Sehemu kubwa ilikuwa gharama ya kiwanda kikubwa kinachotoa magari machache, kodi na mitambo na mishahara ikigawanywa kwa idadi ndogo. Shimo la namna hiyo halizibwi na nyongeza ya bei kwa watu wa foleni. Hata wangelipa wote bila kunung'unika, lingebaki shimo.

Kilichokuja kulipunguza kilikuwa kazi ya wahandisi, na hapo nawapa heshima yao. Mwezi Juni 2024 walitoa R1 iliyotengenezwa upya kwa ndani. Kwa nje huwezi kuitofautisha kirahisi. Chini ya ngozi, kompyuta ndogo zinazoendesha gari zilipunguzwa kutoka 17 hadi 7, na nyaya za urefu wa maili 1.6 zikatolewa kwenye kila gari, zaidi ya kilomita mbili na nusu za waya ambazo mtu fulani pale Normal alikuwa anazipitisha kwa mkono kwenye bodi. Mwezi huohuo Volkswagen ikaahidi kuingiza hadi dola bilioni 5, baadaye zikafika 5.8, kwa ajili ya teknolojia hiyohiyo ya kompyuta na nyaya. Robo ya mwisho ya 2024 Rivian ikapata faida ghafi kwa mara ya kwanza, dola milioni 170, ingawa katika robo hiyo iliuza stakabadhi za hewa safi za dola milioni 299 kwa kampuni nyingine za magari, ambazo huzinunua ili kutimiza masharti ya moshi, na bila hizo hesabu ingekuwa bado nyekundu.

Kwa hiyo gharama ilikuwa ndani ya gari, kwenye waya na kompyuta na mpangilio wa kiwanda, na ilipunguzwa palepale ilipokuwa. Mwaka 2022 walijaribu kuipunguza mfukoni mwa mtu aliyekuwa ameweka oda 2018. Dola milioni 250 walizokubali kulipa wanahisa, 67 kutoka bima ya wakurugenzi na 183 kutoka fedha za kampuni yenyewe, ni zaidi ya robo ya ile milioni 850 niliyoipigia hesabu hapo juu. Na kutoka kwa watu wa foleni Rivian haikupata hata senti ya nyongeza.

Ninachotaka kuona ni kitu kidogo sana, na nakitaka kwa kila kampuni inayopokea fedha za watu kabla ya kutengeneza kitu, iwe ya magari California au ya pikipiki za umeme kwetu. Stakabadhi ya arubuni iseme kwa maneno mawili: bei imefungwa, au bei haijafungwa. Kama imefungwa, hadi lini. Mteja anayejua kwamba ananunua nafasi tu ataamua mwenyewe kama nafasi hiyo ina thamani ya dola 1,000 na miaka mitatu ya kusubiri. Mwekezaji naye, akijua ni oda ngapi zimefungwa kwa bei gani, atazipiga hesabu dhidi ya gharama bila kungoja tangazo la kushtukiza.

Tarehe 7 Machi 2024, miaka miwili na siku chache baada ya sokomoko lile, Scaringe alisimama Laguna Beach, California, na kuonesha gari jipya dogo, R2. Akataja bei: kuanzia dola 45,000 hivi. Uzalishaji ulipangwa kuanza nusu ya kwanza ya 2026. Ndani ya saa 24 watu zaidi ya 68,000 waliweka nafasi zao. Safari hii fedha ya kushika nafasi ilikuwa dola 100.